Chaji ya Hifadhi: Hali ya Betri Isiyotakiwa Kukaa Imejaa

Chaji ya hifadhi ni kiasi cha umeme ambacho betri ya lithiamu polima huachiwa inapowekwa bila kutumika kwa zaidi ya siku mbili tatu, nacho hutambuliwa kwa volteji ya kila seli, ambayo hutakiwa kuwa kati ya volti 3.80 na 3.85, yaani karibu nusu ya uwezo wa betri. Kwenye kioo cha chaja nyingi za ndege nyuki, au droni kama wengine wanavyoziita, istilahi hiyo huonekana kama neno moja la Kiingereza, STORAGE, katika orodha ileile yenye amri za kuchaji, kusawazisha na kupunguza chaji. Kwa kuwa neno hilo likitafsiriwa harakaharaka laweza kuwa ghala, stoo, akiba au hifadhi, mtumiaji asiyeelezwa hulipita akidhani kwamba linahusu kabati la kuwekea betri, ilhali linahusu hali ya betri yenyewe kabla haijafika kabatini.

Jina la betri hizi nalo linapotosha kidogo. Neno polima lilitokana na utafiti wa miaka ya 1970, pale Peter Wright wa Uingereza alipoonyesha mwaka 1973 kwamba plastiki fulani ikichanganywa na chumvi huweza kupitisha ioni, na Michel Armand wa Ufaransa akapendekeza mwaka 1978 kwamba plastiki ya aina hiyo itumike ndani ya betri kama elektroliti, yaani kitu kinachosafirisha ioni kutoka elektrodi moja hadi nyingine, mahali pa kimiminika. Betri zinazouzwa leo kwa jina hilo, hata hivyo, karibu zote zina elektroliti ya kimiminika au ya uteute, sawa na betri za ioni za lithiamu zilizoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na tofauti kubwa iko kwenye ganda, kwa kuwa seli haifungwi ndani ya kopo la chuma ila ndani ya mfuko wa alumini nyembamba iliyopakwa plastiki. Mfuko huo ndio unaoifanya betri iwe nyepesi vya kutosha kuruka, na ndio huohuo usioweza kuikinga na msumari, na anguko, wala na gesi inayojikusanya ndani yake hadi watu wakasema betri imevimba.

Katika Kiswahili cha kila siku neno betri hubeba maana mbili, ya seli moja kama zile za tochi na ya fungu zima la seli, lakini kwa jambo hili lazima maana hizo zitenganishwe. Seli moja ya lithiamu polima hutajwa kuwa ya volti 3.7, ikijaa hufikia volti 4.20, na haitakiwi kushuka chini ya 3.0. Herufi S iliyochapwa ubavuni mwa betri huonyesha idadi ya seli zilizounganishwa kwa mfululizo, hivyo betri ya 4S hutajwa kuwa ya volti 14.8, na chaji yake ya hifadhi huwa kati ya volti 15.2 na 15.4. Jumla hiyo haifai kuaminiwa peke yake, maana betri inayosoma 15.2 yaweza kuwa na seli tatu zenye volti 3.95 na ya nne yenye 3.35, na betri ya namna hiyo ni mgonjwa. Ndiyo sababu ya ule mkia wa pili wenye plagi ndogo nyeupe, waya wa kusawazisha, ambao kwa betri ya seli nne huwa na nyuzi tano na huiwezesha chaja kuisoma kila seli kivyake na kuzilinganisha.

Kujaa kwa betri hakufanani na kujaa kwa mtungi, ambao maji yake hutulia yakisubiri kata bila kuudhuru udongo. Seli ikifika volti 4.20, kathodi yake, ambayo aghalabu ni oksidi yenye kobalti, huwa imenyang'anywa sehemu kubwa ya lithiamu yake na kubaki katika umbo lisilo imara, na anodi ya grafiti kwa upande mwingine huwa imeshiba lithiamu iliyo tayari kutenda kikemia karibu kama metali tupu. Betri ikikaa hivyo, elektroliti huvunjikavunjika polepole kwenye nyuso za elektrodi zote mbili, gesi hujitengeneza, ukinzani wa ndani hupanda, na uwezo hupungua bila ndege kurushwa hata mara moja. Joto huiharakisha kazi hiyo, na chumba kilichoezekwa bati bila dari jijini Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Februari, ni miongoni mwa mahali pabaya kabisa pa kuweka betri iliyojaa.

Uharibifu huo ni wa pole. Upo mwingine wa ghafla. Seli iliyopata hitilafu ya ndani, pengine kwa sababu ilianguka wiki iliyopita na hakuna aliyeikagua, huanza kupata joto, na joto hilo likifika kati ya nyuzi 80 na 120 za Selsiasi, utando mwembamba unaoikinga anodi huvunjika na kutoa joto zaidi. Karibu na nyuzi 130, kitenganishi cha plastiki ya polietilini kinachozitenga elektrodi huyeyuka, elektrodi hugusana, na joto likizidi kupanda kathodi huanza kuachia oksijeni yake yenyewe. Mfuatano huu, unaoweza kuitwa joto la kujichochea, hauhitaji msaada wa nje ukishaanza, na ukali wake hutegemea sana kiasi cha chaji kilichomo. Kwa sababu hiyo ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, liliagiza kuanzia Aprili 2016 kwamba betri za ioni za lithiamu zinazopakiwa peke yake kama shehena ya ndege zisiwe na chaji inayozidi asilimia 30.

Hapa uteuzi wa neno huwa na uzito. Chaji ya akiba ni tafsiri inayokuja mdomoni haraka, na kwa sikio haina kasoro, ila inabeba wazo lililo kinyume na dhana. Akiba ni kitu kinachotengwa ili kitumike baadaye, na kadiri kinavyokuwa kingi ndivyo mwenyewe anavyolala kwa amani. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini walikuwa hawajaiona betri ya lithiamu. Mtumiaji anayeambiwa aweke chaji ya akiba ataijaza betri pomoni, hasa ikiwa amewahi kuishi na mgao wa umeme, ambao humfundisha kila mtu kuchaji simu, redio na taa umeme ungali upo. Isitoshe, maneno hayohayo yanahitajika kwa dhana nyingine halali, ile asilimia 20 hivi ya chaji ambayo mrushaji hutakiwa kuibakiza ili ndege irudi na kutua salama. Hifadhi, kwa upande wake, huelekeza fikra kwenye kitu kinachokingwa kisiharibike, kama inavyosemwa hifadhi ya mazingira au hifadhi ya nyaraka, na wingi wake si hoja. Stoo na ghala ni mahali tu. Volteji ya hifadhi inafaa vilevile pale kipimo chenyewe kinapotajwa.

Ugumu wa kuitimiza istilahi hii nyumbani huonekana kwa hesabu ndogo. Betri ya 4S yenye uwezo wa miliampea-saa 1500 hubeba takriban wati-saa 22 za nishati. Ikiwa imejaa na mvua imeharibu mpango wa kurusha, karibu wati-saa 11 lazima zitolewe, na kwa kuwa chaja nyingi ndogo hupunguza chaji kwa wati 5 hivi tu, zikiugeuza umeme huo kuwa joto linalopepewa na kifeni, kazi hiyo huchukua zaidi ya saa mbili. Uvivu wa watumiaji huanzia hapo, na si wa kulaumiwa sana. Njia nyepesi ni kuirusha ndege dakika chache juu ya uwanja, na iliyo bora kuliko zote ni kutoijaza betri kabla ya asubuhi ya kazi yenyewe. Betri zenye saketi ya udhibiti ndani, kama zile za kampuni ya DJI, hujishusha zenyewe baada ya kukaa siku kadhaa, na uvuguvugu zinaoupata wakati huo si hitilafu. Lakini betri za wazi, zinazopendwa na wanaojiundia ndege na wanaoshindana mbio, hazina akili hiyo na hubaki zilivyoachwa.

Kuchaji nako kuna masharti, na mengi hutokana na kemia iliyokwisha kuelezwa. Betri iliyotoka kuruka huachwa ipoe kwanza. Chaja huelekezwa kwenye aina sahihi ya betri na idadi sahihi ya seli, kwa kuwa mpangilio wa aina nyingine huweza kuipitisha seli volti 4.20, na mkondo huwekwa usiozidi 1C, herufi C ikiwa na maana ya uwezo wa betri uliogeuzwa kuwa ampea, hivyo miliampea-saa 1500 huchajiwa kwa ampea 1.5. Kazi hiyo hufanyika juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro, pazia na mlango wa kutokea, mtu akiwa macho na karibu. Mfuko wa nyuzi za kioo unaouzwa kwa ajili hiyo husaidia kiasi, na chungu kikubwa cha udongo chenye kifuniko kilicholegea hakipitwi mbali. Sanduku la chuma lililofungwa kabisa ni kosa, maana gesi zinazowaka zikikosa pa kutokea hulipasua. Betri ikishika moto, umeme hukatwa, watu hutoka na mlango hufungwa, kwa kuwa moshi wake una floridi ya hidrojeni, ambayo ni sumu, na zimamoto huitwa, kwa Tanzania kupitia namba 114. Imani kwamba maji hayafai kabisa kwa moto huu imetokana na kuuchanganya na moto wa metali ya lithiamu. Maji mengi ndiyo yanayoipoza betri, na mchanga hufaa tu kuzuia cheche zisisambae.

Chaji ya hifadhi ina adui wa upande wa chini pia. Kengele ndogo ya volteji inayochomekwa kwenye plagi nyeupe ikisahaulika humo hunyonya baadhi ya seli na kuziacha nyingine, na baadhi ya chaja zisizo na umeme hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo betri inayowekwa hutenganishwa na kila kitu na kupimwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Seli ikishuka mno, shaba iliyo ndani ya anodi huyeyukia kwenye elektroliti, na ikichajiwa tena shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipo pake na kuweza kuziunganisha elektrodi. Kwa hiyo seli iliyokutwa chini ya volti 3.0 baada ya kukaa haifufuliwi nyumbani, hata kama chaja inakubali. Betri yenye seli kama hiyo, pamoja na ile iliyovimba, humalizwa chaji nje ya nyumba kwa balbu ya gari, kwani ndoo ya maji ya chumvi inayosifiwa na wengi hula plagi kabla ya kuimaliza chaji, kisha ncha zake huzibwa kwa utepe na betri hupelekwa kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki, kamwe si jalalani.