Vitabu kuhusu Mapigano ya Gettysburg

Mapigano ya Gettysburg yalipiganwa tarehe 1 hadi 3 Julai 1863 katika mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya nchi hiyo (1861–1865). Jeshi la Muungano liliongozwa na Jenerali George Meade, aliyekuwa amekabidhiwa madaraka siku 3 tu kabla ya risasi ya kwanza. Upande wa pili alikuwa Jenerali Robert E. Lee na jeshi la Shirikisho la Kusini, yaani la majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Mji wenyewe ulikuwa na wakazi wapatao 2,400. Waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea katika siku hizo 3 walikaribia 50,000. Lee alishindwa, akarudi Kusini. Vitabu vilianza kuandikwa majeruhi wakiwa bado wamelazwa makanisani na mabandani, na havijakoma hadi leo.

Miongoni mwa waandishi wa mwanzo ni Michael Jacobs, mwalimu wa hisabati katika chuo cha mjini hapo. Jacobs alikuwa na mazoea ya kupima hali ya hewa kila siku kwa saa maalumu, na mizinga ilipoanza kunguruma hakuacha. Kwa sababu yake tunajua kwamba saa 8 mchana wa tarehe 3 Julai, wakati ambapo maelfu ya askari wa Kusini walikuwa wakingoja amri ya kuvuka uwanda mtupu kuelekea midomo ya bunduki, joto lilikuwa nyuzi 87 za Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 31 za Selsiasi. Kitabu chake ni chembamba na kina makosa ya mtu aliyeandika haraka, lakini takwimu zake za hali ya hewa hutumiwa na wanahistoria waliomfuata.

Maandishi bora zaidi ya mtu aliyekuwemo vitani ni ya Luteni Frank Haskell wa Wisconsin, msaidizi wa Jenerali John Gibbon. Siku ya tatu Haskell alikuwa katikati ya mstari wa Muungano, juu ya farasi, pale pale wimbi la Kusini lilipokuja kupiga. Baadaye alimwandikia ndugu yake barua ndefu kama kitabu, na hakuna mwingine aliyeueleza moshi ule, kelele zile na hofu ile kwa macho makali namna hiyo. Yeye mwenyewe hakuiona ikichapishwa, kwa kuwa aliuawa katika mapigano ya Cold Harbor mwezi Juni 1864. Hata hivyo Haskell alikuwa na watu aliowapenda na watu aliowadharau. Aliyoyasema kuhusu brigedi ya Philadelphia yaliwachoma wazee wa brigedi hiyo hata wakatoa kijitabu cha kumjibu, karibu nusu karne baada ya mapigano, wakati mjibiwa yuko kaburini siku nyingi.

Upande wa Kusini, vitabu vilizuka kutokana na ugomvi. Lee alifariki mwaka 1870 bila kuandika kumbukumbu zake, na wafuasi wake, Jenerali Jubal Early akiwa mbele, walitafuta wa kumtwisha lawama. Wakampata James Longstreet, jenerali aliyempinga Lee kuhusu shambulio la siku ya tatu. Longstreet alikuwa amefanya kosa jingine machoni pao: baada ya vita alijiunga na chama cha Republican, chama cha Rais Lincoln, na kuunga mkono serikali zilizowapa watu weusi haki ya kura. Tangu mwaka 1876 jarida la chama cha historia cha Kusini lilijaa mashtaka dhidi yake. Alijibu kwa kitabu kizima, From Manassas to Appomattox (1896), lakini kwa hasira iliyomharibia hoja. Aliyeandika kwa utulivu ni Edward Porter Alexander, aliyesimamia mizinga kabla ya shambulio lile. Kitabu chake cha mwaka 1907 kinakiri makosa ya upande wake, na ya Lee mwenyewe, bila kuficha.

Msomaji achunge pia yaliyotungwa. Mjane wa Jenerali George Pickett alitoa mwaka 1913 barua za mapenzi alizodai kuandikiwa na mumewe vitani. Wanahistoria walipozilinganisha na kitabu cha mwaka 1870 cha ofisa mmoja wa Pickett, waliona aya zimechukuliwa humo humo. Kisa mashuhuri kwamba mapigano yalianza kwa sababu askari wa Kusini walifuata viatu mjini kinatokana na maneno ya Jenerali Henry Heth, aliyekuwa na sababu nzuri ya kutafuta udhuru: ndiye aliyeanzisha mapambano ambayo Lee hakuyataka siku ile.

Nyaraka zenyewe ni bahari. Taarifa rasmi za pande zote mbili zilichapishwa na serikali mwaka 1889 katika juzuu la 27 la mkusanyiko wake mkubwa wa kumbukumbu za vita, likiwa na sehemu 3. Pembeni yake kuna kazi ya John Bachelder, mchoraji aliyefika uwanjani siku chache baada ya mapigano na kuugeuza uwanja huo kuwa kazi ya maisha yake. Alihoji majeruhi, akawaandikia maofisa kwa miongo kadhaa, akachora ramani. Bunge la Marekani likamlipa dola 50,000 aandike historia kamili. Cha kusikitisha, alipoandika alizitegemea zaidi taarifa rasmi, akaziweka kando barua alizozisotea. Barua hizo zilichapwa mwaka 1994 na 1995 katika juzuu 3, na thamani yake inazidi kwa mbali historia aliyolipwa kuiandika.

Katika kazi za wasomi, The Gettysburg Campaign ya Edwin Coddington (1968) bado haijapata mpinzani. Coddington alifariki kabla haijatoka. Alimrudishia Meade heshima aliyonyimwa kwa karne nzima, akionyesha kwamba ushindi haukutokana na makosa ya Lee peke yake. Harry Pfanz, aliyewahi kuwa mwanahistoria wa hifadhi ya Gettysburg, aliandika vitabu 3 vinavyofuata kila kikosi, uzio kwa uzio. Kile cha siku ya pili (1987) ndicho kikuu. Anayetaka simulizi moja ya kusomeka ana Stephen Sears (2003) na Allen Guelzo (2013).

Kilichosomwa na wengi kuliko hivyo vyote ni riwaya: The Killer Angels ya Michael Shaara (1974), iliyopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1975 na kuzaa filamu mwaka 1993. Ni riwaya nzuri sana, ila imemkuza Kanali Joshua Chamberlain wa Maine hadi watu wakadhani kilima cha Little Round Top kililindwa na yeye peke yake. Aliyeipeleka brigedi kilimani ni mkuu wake, Kanali Strong Vincent, aliyejeruhiwa hapo na kufa siku chache baadaye. Mpiga tarumbeta wake, Oliver Norton, alikwisha kumtetea kwa kitabu kizima mwaka 1913.

Raia walichelewa kupata nafasi. Tillie Pierce alikuwa na miaka 15 alipopelekwa shambani nyuma ya vilima ili awe salama; shamba likageuka hospitali, akawa anagawa maji na kuona viungo vilivyokatwa vimerundikwa karibu na uzio. Kitabu chake cha mwaka 1889 kisikosekane. Watu weusi walingoja zaidi. Jeshi la Lee liliwakamata Pennsylvania, walio huru na waliotoroka utumwa, likawaswaga Kusini wakauzwe, na wengi wa Gettysburg walikimbia kabla halijafika. Vitabu vikubwa vya majenerali viliyapita haya kwa sentensi mbili tatu, hadi Margaret Creighton alipoyapa nafasi yake katika The Colors of Courage (2005). Mmoja wa waliokimbia ni Abraham Brian, mkulima mweusi ambaye shamba lake lilikuwa kwenye mstari uleule wa Muungano alioulenga Lee siku ya tatu. Aliporudi alikuta nyumba imetobolewa, uzio umevunjwa, mazao yamekanyagwa. Aliidai serikali zaidi ya dola 1,000. Akalipwa dola 15.