Uzi wa Kaboni na Mtoto wa Waliotoroka

Wiki iliyopita kwenye masomo ya jioni tulibishana kweli. Daftari la kemia lilisema metali hupitisha umeme, simetali hazipitishi. Basi. Mdogo wetu mmoja akaleta kijiti cheusi alichokichomoa kwenye betri kuukuu ya tochi. Tukakiunga kati ya nyaya na kibalbu, kikawaka! Kijiti kile ni kaboni, ndugu yake mkaa tunaopikia, na kaboni si metali.

Atomu ya kaboni ina elektroni nne za nje. Kwenye grafiti, ile ya penseli, tatu zinashikana na atomu jirani, ya nne inabaki huru kutembea. Umeme unapita hapo.

Watu walilitumia jambo hili kabla hata elektroni haijajulikana. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri yenye kijiti cha kaboni, babu wa hizi zetu za tochi. Mwaka 1879 Thomas Edison kule Marekani akawasha taa ya uzi wa pamba uliochomwa ukawa kaboni, ikakaa saa 13 hivi. Kaboni inapitisha umeme kwa shida kidogo, ndiyo maana inapata moto mpaka inang'aa. Lakini lazima hewa itolewe ndani ya kioo, la sivyo uzi unateketea kama mkaa wa jikoni.

Edison tunamjua wote. Sisi tulitaka kumzungumzia Lewis Latimer.

Wazazi wake, George na Rebecca, walikuwa watumwa Virginia. Mwaka 1842 walitoroka hadi Boston. Huko George akakamatwa ili arudishwe kwa bwana wake, watu wa mji wakapiga kelele, mwisho uhuru wake ukanunuliwa kwa dola 400. Hatusemi utumwa na ukimbizi ni kitu kimoja, jamani. Ila kuondoka usiku bila kujua kama utarudishwa, hilo tunalielewa bila kufafanuliwa.

Lewis alizaliwa mwaka 1848. Shule aliipata kidogo. Akiwa na miaka 16 aliingia jeshi la majini, na aliporudi akawa mtumishi mdogo kwenye ofisi ya wanasheria wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, kwa dola 3 kwa wiki. Pale aliwaangalia wachoraji wa michoro ya mashine, akanunua vifaa vya mtumba na kitabu, akajifundisha usiku. Mwaka 1876 alishiriki kuchora michoro ya simu ya Alexander Graham Bell.

Shida ya nyuzi za kaboni wakati ule ilikuwa kupindika na kukatika zikichomwa. Latimer alizifunga ndani ya bahasha za kadibodi zinazosinyaa pamoja nazo kwenye joto, zikatoka nzima. Hataza yake ilitolewa Januari 1882. Mwaka 1890 akatoa kitabu kuhusu taa za umeme. Kwenye masomo yetu ya shule hatukuwahi kusikia jina lake, na hilo linatuuma.

Baadaye tangsteni, ambayo ni metali, iliiondoa kaboni kwenye balbu. Kwenye betri imebaki. Kijiti chetu tumekiweka kwenye kopo, atakayetaka kujaribu aje jioni na nyaya zake. Mmoja ameuliza kuhusu almasi, maana nayo ni kaboni tupu. Almasi haipitishi: elektroni zake zote nne zimeshikwa. Ila ya kujaribia hatuna.