Bandari ya Kutolea Mali: Historia ya Umaskini katika Mwambao wa Mahagi

Mahagi-Port ipo kwenye ufuo wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Albert, katika teritwari ya Mahagi, jimbo la Ituri. Ufuo huo uko kwenye mita zipatazo 620 juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake ardhi inapanda kama ukuta hadi kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako kahawa, maharage na viazi hustawi na ng'ombe hunenepa. Mbele ni ziwa lenye sangara na ngege. Kusini-magharibi, nyuma ya milima ya Djugu, ipo dhahabu ya Kilo na Mongbwalu, na chini ya bonde la ziwa yapo mafuta. Ni nadra katika Afrika ya Kati kukuta riziki za aina nyingi hivyo mahali palipobanana namna hii. Hata hivyo Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu Wakongo 3 kati ya kila 4 wanaishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku, na anayeujua mwambao huu hatasema kuwa umesalimika.

Wanaotafuta sababu hutaja vita, au hutaja wizi wa wakubwa wa Kinshasa. Yote mawili yamo. Lakini umaskini wa Mahagi ni mkongwe kuliko vita vya Ituri, na ulianza kabla Kinshasa haijawa mji mkuu wa chochote. Ukifuatwa tangu chimbuko lake unakutwa daima karibu na jambo moja: nani ameshika njia ya kutolea mali, na nani anaipangia bei.

Kabla ya ukoloni Waalur wa mwambao na wa milimani waliishi chini ya machifu waliopokea nyama, mazao na kazi za mikono kutoka kwa raia, nao wakitarajiwa kuleta mvua na kuamua kesi. Chumvi iliyochemshwa na wanawake wa Kibiro, upande wa Bunyoro, ilivuka ziwa kwa mitumbwi na kubadilishwa kwa chakula na mifugo. Usawa haukuwepo, na hakuna haja ya kuzipamba enzi hizo. Ila fukara wa wakati ule alikuwa mtu asiye na jamaa wala chifu wa kumkimbilia. Kukosa fedha hakukuwa na maana yoyote kwake.

Njia ya ziwa ilianza kushikwa na watu wa mbali baada ya mwaka 1876, Mwitaliano Romolo Gessi alipolizunguka ziwa kwa niaba ya utawala wa Misri. Katika miaka ya 1880 meli mbili ndogo, Khedive na Nyanza, zilihudumia vituo vya gavana wa utawala huo, Emin Pasha, vya Wadelai, Tunguru na Mswa. Askari wa vituo hivyo walikula nafaka na ng'ombe wa wenyeji, na pembe za ndovu zikasafirishwa kaskazini. Kisha, tarehe 12 Mei 1894, Uingereza na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo, walitia sahihi mkataba uliompa mfalme huyo, pamoja na eneo la Lado, ukanda wa ardhi wenye upana wa kilomita 25 kutoka kwenye mgawanyo wa maji ya Kongo na Nile hadi ziwani, bandari ya Mahagi ikiwemo. Lado alipewa kwa muda wa uhai wake tu, na baada ya kifo chake mwaka 1909 lilirudi kwa Sudan. Ukanda wa Mahagi ulibaki. Mahagi basi iliingia kwenye ramani ya Kongo ikiwa mlango: Leopold alitaka mahali pa kugusia maji ya Nile, na waliokuwa wakiishi mlangoni hapo hawakuulizwa. Mpaka uliopatikana kwa mikataba ya baadaye uliwapasua Waalur vipande viwili, hawa wa Wabelgiji na wale wa Waingereza.

Dhahabu iligunduliwa na Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, mwaka 1903, na uchimbaji wa Kilo ukaanza 1905. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza machimbo ya Kilo na Moto yaliwekwa chini ya shirika moja la serikali, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni iliyojulikana kama Sokimo. Wachimbaji hawakufika kwa mapenzi yao. Kuanzia miaka ya 1910 kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, na mahali pa kuipata fedha hiyo palikuwa pachache: machimbo, ubebaji mizigo, ujenzi wa barabara, au kilimo kilichoamriwa na serikali. Pamba ya lazima ilianza Kongo mwaka 1917. Amri ya mwaka 1933 iliweka siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na wakati wa Vita Kuu ya Pili zikafika 120. Machimbo yalihitaji pia kulishwa, kwa hiyo mihogo, maharage na samaki wa Ituri vilipata soko. Lakini soko hilo lilikuwa na mnunuzi mmoja mwenye nguvu, na bei ilipangwa ofisini.

Miundombinu ya wakati huo ilikuwa ya kweli, na wazee wengi wa Ituri huikumbuka kwa majonzi. Mizigo iliyopanda kutoka Mombasa kwa reli ilivushwa kutoka Butiaba, upande wa Uganda, kwa meli za Shirika la Reli la Kenya na Uganda, ikiwemo Robert Coryndon, hadi Kasenyi na Mahagi-Port. Huko Nioka, juu milimani, ilikuwepo stesheni ya utafiti ya INEAC, taasisi ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933. Barabara, bohari na gati vilikuwepo. Kilichokosekana ni mwenyeji aliyemiliki chochote kati ya hivyo. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa makampuni na wafanyabiashara wa kigeni, Wagiriki wakiwa maarufu miongoni mwao, na sheria za ukoloni zilimwekea Mwafrika vizuizi vya kumiliki ardhi kwa hati, kukopa na hata kuhama. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1960 mashine zilibaki, lakini mameneja, mitaji na hesabu havikubaki.

Miaka iliyofuata ilibomoa kwa haraka kilichojengwa polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, Robert Coryndon ikazama Butiaba, na usafiri wa meli haukurudi katika hali yake. Mwaka 1962 Ituri ilipata jimbo lake, Kibali-Ituri, ambalo lilifutwa baada ya miaka minne. Katikati ukaja uasi wa wapiganaji walioitwa Simba. Machi 1965 jeshi la serikali pamoja na mamluki lilipita Mahagi likielekea Aru ili kuufunga mpaka. Machimbo yalifanywa mali ya serikali na kuitwa Okimo mwaka 1966.

Pigo lililoingia hadi jikoni, hata hivyo, lilikuwa la fedha. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na makampuni ya wageni yanakabidhiwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Waliokabidhiwa walikuwa hasa watu wa chama na jamaa zao. Wengi waliuza shehena iliyokuwa rafuni, wakashindwa kuagiza nyingine, na chumvi, sabuni na vitambaa vikawa adimu vijijini. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilibatilishwa kwa taarifa ya siku chache. Mkulima wa milimani aliyeficha bei ya kahawa yake chini ya kitanda, mbali na benki yoyote, alibaki na karatasi. Mapema mwaka 1993 wafanyabiashara wengi waliikataa noti mpya ya zaire milioni 5, na mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Mwenye akili alijifunza kuacha kuweka akiba kwa fedha ya nchi yake. Shilingi ya Uganda ilienea Mahagi na Aru, na inatumika masokoni humo hadi leo.

Katika hali hiyo magendo yalikuwa ndiyo uchumi wenyewe. Kahawa na dhahabu zilivuka kwenda Uganda. Sabuni, mafuta ya petroli na baiskeli zikarudi. Serikali iliporuhusu uchimbaji mdogo wa dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana walimiminika machimboni, na mfumo ulioota huko umedumu. Kwenye machimbo ya Ituri mnunuzi hukaa na mizani ndogo ya mkono, na juu ya sahani moja huweka njiti za kiberiti au sarafu ya zamani kama jiwe la kupimia. Mchimbaji anaweka unga wake kwenye sahani ya pili. Mara nyingi mnunuzi huyohuyo ndiye aliyemkopesha chakula, koleo na mafuta ya pampu, kwa hiyo hapawi na mabishano marefu juu ya uzito wa njiti. Ziwani mambo hayatofautiani sana. Asiye na injini wala nyavu huvua kwa za mwingine na kugawana samaki, na deni la mwenye chombo hulipwa kwanza. Wanawake hununua samaki alfajiri, huwapasua, huwatia chumvi na kuwaanika. Sehemu ya samaki hao hupanda Mahagi hadi Bunia. Nyingine huenda kwenye soko kubwa la Panyimur, ng'ambo ya mpaka, na kutoka hapo inahesabiwa kuwa samaki wa Uganda.

Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, vilivyoanza kwa mgogoro wa ardhi kati ya Wahema na Walendu huko Djugu na kuchochewa na jeshi la Uganda lililokuwa limeikalia Ituri, viliua makumi ya maelfu. Kwa habari ya Mahagi, sehemu yake moja inafundisha zaidi kuliko mapigano. Kundi la FAPC la Jérôme Kakwavu, lililojitokeza mwaka 2003, halikuyashika machimbo makubwa. Lilishika Aru, Ariwara na Mahagi, yaani forodha. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa za miaka ya 2004 na 2005 zilieleza jinsi ushuru wa mpakani ulivyolilisha kundi hilo, huku wafanyabiashara waliopatana nalo wakipitisha bidhaa kwa unafuu. Kakwavu alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Kongo mwaka 2014. Barieri za ushuru hazikuhukumiwa. Mgogoro ulipolipuka upya Desemba 2017 na wanamgambo wa Codeco wakaanza kuvamia barabara ya taifa namba 27, mzigo kati ya Mahagi na Bunia ukawa tena wa kulipiwa kwa kila mwenye bunduki, awe na sare au asiwe nayo. Mwanzoni mwa 2018 maelfu kwa maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Hoima. Hali ya kuzingirwa iliyotangazwa Mei 2021 iliwaweka wanajeshi mahali pa magavana wa kiraia, bila kuzimaliza barieri.

Juhudi za kupunguza umaskini zimekuwepo, na baadhi zimefanya kazi. Mwaka 2010 Kongo ilisamehewa deni la dola bilioni 12.3. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada, jambo lililokuwa limeandikwa katika Katiba ya 2006. Madarasa yamefurika, na walimu wasio kwenye orodha ya mishahara bado ni wengi, lakini mzazi mwenye watoto watano ameondolewa mzigo ambao zamani ulimlazimu kuchagua nani asome. Parokia za dayosisi ya Mahagi-Nioka na makanisa mengine hubeba sehemu kubwa ya shule na zahanati. Chini kabisa ipo likelemba: watu kumi au ishirini huchangishana kila wiki au kila mwezi, na kila zamu mmoja huondoka na kitita kizima. Kwa muuza samaki hiyo ndiyo njia ya kununua nyavu zake bila kumpigia magoti mwenye chombo, na hakuna mradi wa wafadhili uliodumu mwambaoni kwa muda mrefu kuliko hiyo.

Juu ya hapo mambo hukwama. Katiba inazipa majimbo haki ya kubakiza asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Kifungu hicho hakijatekelezwa kama kilivyoandikwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mgodi mkubwa wa Kibali, ulioanza kutoa dhahabu 2013 kwenye eneo la Moto ya zamani, uko Haut-Uele. Ituri, iliyopata kuwa jimbo mwaka 2015, imebaki hasa na uchimbaji wa mikono, na dhahabu inayovuka mpaka mfukoni hailipi mrabaha kwa mtu yeyote.

Mafuta yameonyesha waziwazi zaidi tofauti kati ya pande mbili za mpaka. Uganda ilitangaza ugunduzi wake mwaka 2006, ikafikia uamuzi wa uwekezaji Februari 2022, na bomba la kilomita 1,443 likaelekezwa Tanga. Upande wa Hoima zimejengwa barabara na uwanja wa ndege, pamoja na malalamiko ya waliohamishwa na wavuvi waliochomewa vyombo na jeshi. Upande wa Kongo mnada wa vitalu uliozinduliwa Julai 2022, vya bonde la Albert vikiwemo, ulifutwa mwaka 2024.

Lipo deni moja ambalo limepigiwa hesabu. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda iliikalia Ituri na inawajibika kwa yaliyotendeka humo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaweka fidia ya dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili, dhahabu ikiwa ya kwanza. Kiasi hicho kiliwekwa kwa jumla, kwa kuwa ushahidi wa kilichotoka haukutosha kukipima kimoja kimoja. Malipo yalipangwa kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka tangu Septemba 2022. Fedha hulipwa kwa serikali ya Kinshasa, na mfuko wa kuzigawa kwa waathirika una makao yake Kisangani, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Bunia.