Nyimbo za Kupita na Nyimbo za Kudumu

Wako wasemao ya kuwa nyimbo za vijana ni kama povu la mbege, lifuralo mara moja, na kabla kata haijamaliza kuzunguka limekwisha kukauka. Neno hili lina ukweli, ila si ukweli wote. Sisi tukaao Holili, katika njia iendayo Taveta, twaweza kulipima kwa mifano miwili: mmoja wa vita, na mmoja wa nchi jirani.

Mapatano ya mwaka 1886 yaliiacha Kilimanjaro upande wa Wadachi, na Taveta upande wa Waingereza. Agosti 1914 Wadachi waliitwaa Taveta, wakaondolewa Machi 1916. Katika vita hivyo askari na wapagazi waliieneza ngoma ya beni katika Afrika ya Mashariki. Ilikuwa imezaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, na jina lake latokana na neno bendi. Vyama vyake vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa gwaride, mavazi, vyeo, karamu na nyimbo za mafumbo. Hapakuwa na ngoma iliyopendwa kuliko hiyo mijini. Hata hivyo, baada ya vita vya pili vya dunia ilizidi kufifia. Sababu yaonekana wazi. Fumbo lilitungwa ili kumchoma mshindani. Mshindani alipotoweka, fumbo lilikosa wa kumchoma. Mchezo wenyewe umebaki katika mganda wa kusini ya Tanzania na malipenga ya Malawi, lakini nyimbo nyingi za kwanza zimesahauliwa.

Mfano wa pili ni wimbo wa Malaika. Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Wataita, ng'ambo ya mpaka wetu, aliuimba katika santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika santuri yao huko Marekani. Mwaka 1981 kundi la Boney M la Ujerumani likauimba pia. Hata leo huimbwa arusini.

Kwa nini huu umekaa? Kwanza, habari yake ni ya kijana ampendaye msichana, asiwe na mali ya kumwoa. Shida hiyo Wachaga waliijua kabla reli haijafika Moshi mwaka 1911, na vijana wa leo waijua vilevile. Pili, neno lenyewe ni teule. Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu. Twalisoma katika Maandiko, na mama humwita hivyo mtoto wake mchanga. Kwa hiyo mpenzi aitwapo malaika, hapana asiyefahamu. Tatu, sauti yake ni ya polepole, wala haihitaji tarumbeta: mtu aweza kuuimba peke yake akichuma kahawa.

Lakini kudumu kuna hasara yake. Wengi humtaja Fadhili, aliyefariki mwaka 2001, kuwa ndiye mtungaji. Wengine humtaja Adam Salim wa Tanganyika, wakisema aliutunga Nairobi katika miaka ya 1940. Neno hili halikukatwa likakubaliwa na wote. Wimbo ulioingia vinywani mwa watu wote ulimwacha mwenyewe njiani.

Basi wimbo hudumu kwa kuwa na shauri la watu wote, si kwa kuwa wa kale wala kwa kupendwa na wengi kwa siku moja. Tena kalamu huokoa kile ambacho kinywa hukiacha. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliandika mafundisho ya Wachaga, yakapigwa chapa katika mabuku matatu kati ya miaka 1932 na 1938. Na mengi yasiyosemwa tena vijijini yangali yasomeka humo. Mwalimu asikiapo wimbo mpya shambani au sokoni, asiudharau. Auandike, na chini yake aandike jina la aliyeutunga, mahali na mwaka, maadamu mwenyewe yupo wa kuulizwa.