Dakika Tatu za Kunyamaza

Chombo cha mawasiliano hakimalizi betri kwa kusema tu. Kusikiliza nako kunakula moto. Juma hili nataka tuitazame historia ya jambo hilo, kwa kuwa inawahusu sana wavuvi wa Mtwara, kuanzia Msimbati hadi mdomo wa Ruvuma.

Usiku wa Aprili 14, 1912, meli ya Titanic iligonga mlima wa barafu. Meli nyingine, Californian, haikuwa mbali, lakini opereta wake wa pekee alikwisha kuzima redio na kulala. Watu zaidi ya 1,500 walikufa.

Baadaye iliwekwa kanuni. Katika masafa ya kilohezi 500, redio zote za melini zilinyamaza dakika 3, mara mbili kila saa, kuanzia dakika ya 15 na ya 45, ili sauti dhaifu ya anayezama isikike. Saa za vyumba vya redio zilipakwa rangi nyekundu sehemu hizo. Bandari ya Mtwara ilipoanza kupokea meli kubwa miaka ya 1950, kanuni hiyo ilikuwa ikifuatwa duniani kote, hadi mfumo mpya, unaotumia pia satelaiti, ulipochukua nafasi yake mwaka 1999.

Simu za mkononi, zilizoingia nchini mwaka 1994, nazo huishi kwa zamu. Simu ya GSM iliyo mfukoni hulala, kisha huamka kila baada ya nusu sekunde hadi sekunde 2 hivi kusikiliza kama mnara unaiita. Mwaka 2015 wataalamu wa dunia walikamilisha kanuni za simu kutafutana zenyewe kwa zenyewe: hujitangaza na kusikilizana kwa vipindi maalumu, kisha hulala. Mwaka 2016 zikafuata kanuni za vifaa kama mita za maji, vinavyoweza kulala karibu saa 3, ili betri idumu hata miaka 10.

Lakini anayegawa zamu kwa kawaida ni mnara. Ukiukosa, simu huutafuta tena na tena, na betri inakwisha upesi. Mashua mbili zinaweza kuonana kwa macho huku simu zao hazijuani, kwani simu nyingi za madukani hazikuwekewa uwezo wa kutafutana baharini. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wakazi wa Mtwara nao walitakiwa kujihifadhi. Siku kama ile, kumpata jirani ni suala la uhai.

Sisemi minara isijengwe. La hasha! Ijengwe. Ila anayewanunulia wavuvi vyombo vya mawasiliano aulize mambo mawili: je, kinamsikia jirani pasipo mnara? Na betri yake itakesha? Wenzetu wa 1912 walilipia funzo hili kwa roho za watu. Sisi tumelikuta limekwisha kulipiwa.