Mwalimu Anayesikiliza

Katika Barabara ya Brentfield, Neasden, London, lipo hekalu la Kihindu la mawe ya chokaa na marumaru lililofunguliwa mwaka 1995. Waumini wake wengi ni Wagujarati ambao wao au wazazi wao walitoka Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto wa jumuiya hiyo, BAPS, huhimizwa kuhifadhi beti 315 za Kisanskriti za kitabu cha Satsang Diksha na kuzisoma kwa ghibu mbele ya mkubwa. Aliyesoma chuo cha Kurani Lamu au Unguja hatashangaa: mwalimu hukusikiliza, hukurekebisha herufi papo hapo, wala huvuki sura mpaka aridhike.

Sekondari ya Uingereza huamini karatasi zaidi. Kwenye historia ya A-level, insha ambayo mwanafunzi huiandika mwenyewe nje ya chumba cha mtihani hubeba asilimia 20 ya alama. Akili mnemba imepenya hapo hapo. JCQ, baraza la bodi za mitihani, linamkataza mwalimu kupokea, bila kuichunguza zaidi, kazi anayoshuku si ya mwanafunzi. Atajuaje? Programu za kunusa maandishi ya mashine hazitegemeki; utafiti wa Stanford wa mwaka 2023 ulizikuta zikiwasingizia hasa waandishi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na Neasden hao ni tele. Inabaki kumketisha kijana na kumuuliza: hoja hii umeitoa wapi? Mbona hukuanza na ile?

Juni 2025 Wizara ya Elimu ya Uingereza ilitoa mafunzo ya bure ya akili mnemba kwa walimu; UNESCO ilishatangulia, Septemba 2024, na mwongozo wa umahiri 15. Sizibezi nyaraka hizo. Ila hakuna waraka unaomwongezea mwalimu dakika za kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, na kwangu maandalizi ya kuikabili akili mnemba yanaanzia hapo. Kenya, ambako tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho wa sekondari msingi, madarasa yamefurika.

Chuo cha Kurani walilimudu tatizo hilo la wingi: wanafunzi wakubwa waliwasikiliza wadogo. Utaratibu huo unafaa kuazimwa, kwa sharti moja. Wapo waliohifadhi Yasini nzima bila kujua maana ya aya hata moja. Kwa hiyo anayesikiliza, awe Neasden au Kisumu, asiishie kwenye “haya, sema”. Aulize “kwa nini”, kisha anyamaze asubiri jibu.