Onea
Onea ni kitenzi chenye maana ya kumhukumu au kumtendea mtu isivyo haki. Kimetokana na ona kwa kuongezwa kiambishi -e- cha kutendea. Kikifuatwa na nomino ya hisia, hubeba hisia ya nomino hiyo: kuonea huruma, haya, wivu. Kikibaki peke yake ni shutuma. Shabiki ambaye timu yake imepigiwa penalti hulalama, “Refa katuonea!”, hata kama mpira uligonga mkono kweli. Azimio la Arusha la 1967 lilitumia hali yake ya kutendwa, onewa, sambamba na nyonywa na puuzwa. Neno la karibu nacho, dhulumu, lenye asili ya Kiarabu, huelekea zaidi kwenye mali na haki iliyoporwa. Onea hutosha hata kwa mtoto aliyechapwa kwa kosa la nduguye. Nomino zake ni uonevu na mwonevu.